Tusiahirishe furaha hadi tumalize kujenga

Waswahili wana mambo yao na arobaini. Siku za mwizi ni arobaini. Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini. Marehemu naye husomewa arobaini, kisha watu hurudi kwenye shughuli zao. Nilipokuwa msichana nikisoma Kenya nilidhani wazee waliipenda tu namba hiyo. Sasa nina miaka 46 na nimeanza kuwaelewa. Arobaini ni kama mpaka. Ukiwa hapo unaona upande uliotoka na upande unaokwenda, na kila upande unakudai karatasi zake.

Ndugu msomaji, leo naomba tuweke kando kidogo habari za ushuru, mizani na bei ya mahindi. Nataka tuzungumze juu ya kuzeeka, juu ya furaha, na juu ya sinema za zamani. Najua wapo watakaosema mwalimu amekosa la kuandika. Wanivumilie, kwa maana jambo lenyewe linawahusu wao pia, hasa sisi tuliorudi kutoka uhamishoni na ninyi mnaolala mpakani mkisubiri mzigo upite.

Uganda ni nchi ya vijana. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 45.9, na takriban nusu yao walikuwa chini ya miaka 18. Katika nchi ya namna hiyo mtu wa miaka 46 ni mzee, atake asitake. Hapa Kasubi, vijana wa bodaboda waliozoea kuniita "nnyabo" wameanza kuniita "jjajja", yaani bibi. Nina watoto wawili na mjukuu sina. Mwanzoni niliudhika. Siku hizi naitika vizuri, halafu naomba nauli ipunguzwe kwa heshima ya huo ubibi.

Wataalamu nao wamelitazama suala hili. Mwaka 2008 wachumi wawili, David Blanchflower na Andrew Oswald, walichapisha utafiti uliotumia takwimu za nchi nyingi. Walisema furaha ya binadamu hufuata umbo la herufi U: iko juu ujanani, hushuka hadi chini kabisa katika miaka ya arobaini na kitu, kisha hupanda tena uzeeni. Miaka ya karibuni Blanchflower huyo huyo ameandika kwamba umbo hilo linapotea, kwa sababu vijana nao siku hizi wamezidiwa na huzuni. Mimi si mtaalamu wa takwimu. Ninachojua ni kwamba katika umri wangu mzazi anazeeka, mtoto anadai karo, mgongo unauma, na mtu anajiuliza usiku: je, maisha yenyewe ndiyo haya?

Sisi tuliorudi tuna ugonjwa wetu wa pekee unaolifanya swali hilo kuwa gumu zaidi. Ugonjwa huo naupa jina la "tukirudi".

Wazazi wangu walivuka Busia mwaka 1982, vita vya Luwero vikiwa vimepamba moto, mimi nikiwa na miaka mitatu. Tukakaa Kangemi, Nairobi. Baba alikuwa mwalimu kama mimi. Katika miaka yote ya Kangemi hakununua kabati. Nguo zetu zilikaa kwenye masanduku ya bati, kwa sababu "tunarudi". Mama akiomba kupaka chumba rangi, jibu lilikuwa lile lile. Mwaka 1986 vita vilipokwisha majirani zetu wengi Waganda walifunga mizigo. Baba akasema watoto wamalize kwanza mwaka wa shule. Mwaka uliofuata akasema vivyo hivyo. Alifariki mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu, akazikwa Lang'ata. Mwaka 1998 mama alirudi Kasubi na watoto wake, pamoja na masanduku yale yale.

Simlaumu baba. Alikuwa mtu mwema aliyeishi kama abiria. Lakini nimekuja kutambua kwamba ugonjwa wa "tukirudi" haukupona tuliporudi. Ulibadili jina tu. Ukaitwa "nikimaliza kujenga". Ukaitwa "watoto wakimaliza chuo". Kwa ndugu zangu wafanyabiashara wa Busia na Malaba unaitwa "nikipata mtaji wa kutosha" au "mzigo huu ukishapita". Furaha inawekwa stoo kama bidhaa inayosubiri bei ipande. Tatizo ni kwamba bidhaa yenyewe ni nyanya, si saruji.

Sasa sinema zinaingiaje hapa?

Nilipokuwa mdogo pale Kangemi, mara moja moja lilikuja gari la sinema. Lilitundika shuka jeupe uwanjani, likatangaza sabuni na mafuta ya kupikia, kisha likatuonyesha Charlie Chaplin. Kwa watoto wa wakimbizi Chaplin alikuwa mwenzetu. Hakusema neno lolote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutucheka kwa lafudhi yetu. Alikuwa na suruali kubwa kuliko yeye, kama sisi, na askari walimfukuza kila kona.

Ukubwani nilisoma habari za Chaplin mwenyewe nikashangaa. Mwaka 1952 aliondoka Marekani, alikoishi kwa miaka mingi, kwenda London kuonyesha sinema yake iitwayo Limelight, ambayo inamhusu mchekeshaji mzee aliyesahauliwa na watazamaji wake. Akiwa bado baharini, serikali ya Marekani ikafuta kibali chake cha kurudi. Akahamia Uswisi. Alirudi Marekani mwaka 1972, miaka 20 baadaye, kupokea tuzo ya heshima ya Oscar. Alikuwa na miaka 82, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Wengi wetu tuliporudi hakuna aliyesimama. Tulikuta mtu analima bustani yetu. Lakini nikimtazama mzee yule katika picha za siku ile, macho yamejaa machozi, naona uso ninaoujua.

Tangu hapo nikaanza kuzitafuta sinema za zamani. Hapa Kasubi tunazo "laibrari", vile vibanda ambako kijana anakujazia sinema kwenye flashi kwa pesa kidogo. Tunavyo pia vibanda vya video, ambako VJ hukaa na kipaza sauti na kuitafsiri sinema kwa Kiganda huku ikiendelea, akiongeza chumvi na pilipili zake. Watu kama VJ Jingo na VJ Junior wamepata sifa kubwa kwa kazi hiyo. Nilipomwomba kijana wa laibrari anitafutie sinema ya Japani ya mwaka 1952, aliniuliza, "Jjajja, anapigana nani humo?" Nikamwambia hapigani mtu. Akauliza tena, "Sasa watu wanafanya nini?" Nikamjibu kwamba mzee mmoja anajenga uwanja wa watoto. Alinihurumia, lakini aliitafuta.

Sinema hiyo inaitwa Ikiru, maana yake "kuishi". Ilitengenezwa na Akira Kurosawa. Bwana Watanabe ni mkuu wa idara katika ofisi ya jiji, na kwa karibu miaka 30 kazi yake imekuwa kugonga mihuri na kuhamisha majalada. Kisha anagundua kwamba ana saratani ya tumbo na siku zake zinahesabika. Kwanza anakimbilia pombe na muziki, hakuti kitu. Halafu anakumbuka kina mama waliokuja ofisini kuomba dimbwi la maji machafu lifukiwe ili watoto wao wapate mahali pa kucheza, wakazungushwa kutoka dirisha hadi dirisha. Watanabe anaamua kuushughulikia uwanja huo kabla hajafa. Anainama mbele ya kila mkubwa, anatukanwa, anasubiri kwenye viti, hadi uwanja unajengwa. Usiku wake wa mwisho anakaa kwenye bembea katika uwanja ule, theluji ikianguka, akiimba.

Mzee yule hakupona wala hakutajirika, na mwanawe hakumwelewa. Hata hivyo sijaona katika sinema mtu mwenye furaha kuliko yeye akiwa juu ya bembea ile. Na Kurosawa hakuishia hapo. Anatuonyesha matanga, ambako wafanyakazi wenzake wamelewa na wanaapa kwa machozi kwamba nao watabadilika. Kesho yake asubuhi wako mezani, wanagonga mihuri kama jana. Nani kati yetu hajawahi kuapa hivyo matangani?

Kuna jambo jingine nililoligundua. Kurosawa alipoitoa sinema hiyo kuhusu mzee alikuwa na miaka 42. Vittorio De Sica wa Italia alipotoa Wezi wa Baiskeli mwaka 1948 alikuwa na miaka 47. Yasujiro Ozu alipotoa Hadithi ya Tokyo mwaka 1953 alikuwa na 49, akikaribia 50. Ousmane Sembène wa Senegal alipotoa Mandabi mwaka 1968 alikuwa na 45. Hawa wote walikuwa rika langu! Si vijana wala wazee, walikuwa pale mpakani, wanaona pande zote mbili. Labda ndiyo sababu sinema zao hazichakai.

Chukua hiyo Wezi wa Baiskeli. Ndugu zangu wa Busia wataielewa bila VJ, kwa sababu biashara ya bodaboda ilianzia kwenye mpaka wetu huo wa Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizowavusha watu na mizigo kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Huko Roma, baada ya vita, Antonio anapata kazi ya kubandika matangazo, kwa sharti awe na baiskeli. Mkewe anaweka shuka za kitanda rehani ili kuikomboa baiskeli yao. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Antonio anazunguka mji mzima akiitafuta, yeye na mwanawe mdogo Bruno. Mwisho, akiwa amekata tamaa, anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine na anakamatwa mbele ya macho ya mtoto.

Niliiona mara ya kwanza nikiwa chuo cha ualimu, miaka 21. Nililia kwa ajili ya Bruno. Niliwaza: mtoto atamheshimu vipi tena baba huyu? Niliiona tena mwaka jana. Safari hii nililia kwa ajili ya Antonio. Niliona mikono yake, niliona anavyoficha hofu ili mtoto asiogope, na nikamkumbuka mwalimu mmoja wa Kangemi aliyekuwa akitoka alfajiri kutafuta vipindi vya kufundisha katika shule tatu. Sinema ilikuwa ile ile, haikuongezwa picha hata moja. Nilichoongeza ni miaka 25 yangu. Kwa hiyo mtu akiniuliza faida ya kuzeeka, nina jibu moja la uhakika: unaanza kuwaona wazazi wako kama watu.

Mandabi nayo ni yetu kabisa. Mzee Ibrahima Dieng wa Dakar, mwenye wake wawili na asiye na kazi, anapokea hundi ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake aliye Paris. Nyingi si zake: 20,000 ni za kumtunzia kijana, 3,000 ni za dada yake Dieng, zake ni 2,000 tu. Posta wanamwambia alete kitambulisho. Ili apate kitambulisho alete cheti cha kuzaliwa, na picha, na muhuri. Wakati anazunguka, nyumbani mchele umeshaliwa kwa mkopo na majirani wameshakuja kukopa, kwa sababu habari imeenea kwamba mzee ana pesa. Sisi tuliorudi tukiwa na vyeti vya shule za nchi nyingine tunalijua dirisha lile. Wafanyabiashara nao wanalijua kosa lile la kula faida ya mzigo ambao bado uko njiani. Furaha ya Dieng ilikuwa katika karatasi ambayo hakuwahi kuigeuza kuwa pesa mkononi mwake.

Nikiwa kwenye suala la kurudi, siwezi kuiacha Mississippi Masala ya mwaka 1991, iliyoongozwa na Mira Nair na kupigwa picha zake nyingine hapa hapa Kampala. Wengi wanaikumbuka kwa ajili ya Denzel Washington. Mimi namwangalia Jay, wakili Mhindi aliyefukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Yuko Marekani, lakini moyo wake uko Kampala. Kwa miaka mingi anaandika barua akidai nyumba yake, mkewe akiuza duka, bintiye akikua bila yeye kumtazama sawasawa. Hatimaye anaitwa, anakuja. Anaikuta nyumba ni gofu, na anaambiwa kwamba Okelo, rafiki yake wa tangu utotoni aliyeachana naye kwa ugomvi, aliuawa mwaka ule ule wa 1972. Nyumba aliyoililia ilikuwepo. Mtu ambaye alipaswa kumlilia hakuwepo tena. Jay anaamua kuiacha kesi na kurudi kwa mkewe. Ndugu mrejeaji, kama hujaiona, itafute.

Nimeyasema haya yote ili nifike hapa. Mama yangu ana miaka 76. Anaishi katika nyumba ya Kasubi ambayo baba mdogo aliitunza tulipokuwa uhamishoni na akaturudishia bila maneno, Mungu amrehemu. Kiwanja kiko karibu na barabara. Mnunuzi amekuja mara tatu, anataka kubomoa na kujenga maduka ya ghorofa. Bei yake si ya kuchekwa. Kaka zangu wawili, mmoja yuko London na mwingine Nairobi, waliona tuuze, tumjengee mama nyumba nzuri nje ya mji, yenye vigae na tangi la maji, na tumwekee msichana wa kumsaidia. Wana hoja, na si watu wabaya. Wao ndio wanaolipia dawa zake za presha. Wanasema mama atapumzika.

Jumapili moja jioni niliweka Hadithi ya Tokyo. Mama hasomi Kiingereza haraka, kwa hiyo nilikuwa VJ wake, nikichanganya Kiganda na kile Kiswahili chetu cha Kangemi. Wazee wawili wanatoka mji mdogo wa Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Watoto wana kazi. Mmoja ni daktari, mwingine ana saluni. Hakuna anayewatukana wazee. Wanapewa chakula, wanapewa mahali pa kulala, kisha watoto wanachanga pesa na kuwapeleka Atami, mji wa mapumziko, ili wapumzike. Huko kuna kelele na muziki usiku kucha, wazee hawalali. Anayewapa muda ni Noriko, mke wa mtoto wao aliyekufa vitani, mwanamke maskini anayeishi chumba kimoja. Anaomba ruhusa kazini na kuwatembeza mjini. Wanaporudi nyumbani mama anaugua na kufa.

Tulipofika pale Atami mama akaniambia nisimamishe. Akauliza, "Hao watoto wamelipa pesa nyingi?" Nikasema ndiyo, wamechanga. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mtu anaweza kukufukuza kwa heshima." Hakutaja kiwanja wala kaka zangu. Akaniambia niendelee.

Mama hana mali kubwa Kasubi. Ana kanisa anakokwenda kwa miguu. Ana mama muuza matooke anayemwachia kichane akose au awe na pesa. Ana majirani wawili wa umri wake ambao nao walikimbia na kurudi, na kila jioni wanakaa barazani kubishana ni mwaka gani sukari ilipotea madukani. Nyumba ya vigae haina hayo. Unaweza kumhamisha mzee pamoja na kitanda chake, lakini baraza halipandi lori.

Niliwatumia kaka zangu sinema hiyo bila maelezo. Wiki moja ikapita. Kisha kaka yangu mkubwa alimpigia mama kutoka London wakaongea kwa zaidi ya saa nzima. Nilimsikia mama akicheka chumbani. Kiwanja hakikutajwa, nami sikuuliza. Mnunuzi bado ana namba zetu, na mwezi ujao tutakaa kikao cha familia. Msimamo wangu nitausema huko kama ninavyousema hapa: mama akiwa hai na anataka baraza lake, kiwanja hakiuzwi. Kuna bidhaa ambayo mfanyabiashara mwenye akili haitoi sokoni.

Kutoka barazani hapo hadi Masiro, makaburi ya wafalme wa Buganda, ni mwendo mfupi. Wafalme wanne wamelala pale. Muteesa wa Kwanza na Daudi Chwa walifia nchini mwao. Wawili wengine walifia uhamishoni. Mwanga alifariki Ushelisheli mwaka 1903 na mwili wake ukaletwa mwaka 1910. Edward Muteesa wa Pili alifariki London mwaka 1969, akaletwa mwaka 1971. Nyumba kuu ya makaburi iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, watu wakalia barabarani. Ikajengwa upya kwa subira, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Nikipita pale humkumbuka baba aliyelala Lang'ata. Mfalme huletwa, mwalimu huzikwa alipoangukia. Lakini wafalme wale wawili na baba yangu walikuwa na jambo moja sawa: walingoja kurudi, wakafa wakingoja. Sisi tumerudi kwa miguu yetu. Tukiendelea kuishi kama tunangoja, tumerudi kufanya nini?

Wapo watakaoniambia kwamba maskini hana muda wa sinema. Nawajibu kwamba kila Jumamosi vibanda vinajaa watu wanaotazama mpira wa Uingereza, na hakuna anayelalamika kuhusu muda. Ikiru haifiki saa mbili na nusu. Dereva anayelala Malaba kwenye foleni ana usiku mzima na simu mkononi. Wengine watasema hizo ni sinema za Wazungu. Kurosawa na Ozu ni Wajapani, Sembène alikuwa Mwafrika aliyefanya kazi ya kubeba mizigo bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi. Na kwa ma-VJ wetu nina ombi: siku moja katika wiki, jaribuni kututafsiria moja ya sinema hizi. Nina hakika mtaona wazee wakija kibandani, na watakaa hadi mwisho.

Sisemi kwamba sinema hulipa karo au kushusha presha. Nasema zimenisaidia kuona kwamba furaha ya umri huu ni ndogo kwa umbo, na iko karibu. Ni uwanja wa watoto uliojengwa. Ni saa moja ya simu. Ni mtu aliyeomba ruhusa kazini ili akutembeze. Mwezi uliopita niliyafungua masanduku ya bati, nikayatoa yaliyomo, na nikanunua kabati la mbao pale Nansana. Mama alilizunguka mara mbili akilipapasa. Akasema lingempendeza baba. Kisha akaanza kupanga nguo zake.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili na mkazi wa Kasubi, Kampala.